Kumwacha Dume Mchanga: Suala la Umri wa Mnyama katika Historia ya Uwindaji wa Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Mfugaji wa ng'ombe anayezungumza Kiswahili hakosi maneno ya kuwataja wanyama wake kwa umri na kwa jinsia. Ana ndama, ana mtamba ambaye hajazaa, ana njeku ambaye ni dume asiyekomaa, ana fahali, na ana maksai aliyehasiwa. Mwindaji anayezungumza lugha hiyo hiyo hana hazina kama hiyo. Tembo dume wa miaka kumi na mbili hana jina lake peke yake. Ataitwa tu tembo mdogo, au dume mchanga. Lakini pembe ya tembo huyo, ikishang'olewa na kufikishwa sokoni, inalo jina: ni kalasha.

Tofauti hii haikuzuka kwa bahati. Mfugaji huwapa majina wale anaowachagua: huyu achinjwe, huyu ahasiwe, huyu aachwe apande majike. Mfanyabiashara wa karne ya 19 naye alichagua, ila alichagua pembe, si mnyama. Kati ya wawili hao alisimama mwindaji, na suala linalojadiliwa hapa ni lake: akikutana na dume mchanga, je, amwache apite hata akomae, au amwue?

Suala hili limezungumzwa sana katika nchi nyingine, na mara nyingi limejibiwa kana kwamba ni suala la tabia njema ya mwindaji peke yake. Madhumuni ya makala haya ni kulitazama katika historia ya Fizi na Baraka, mkoani Kivu ya Kusini, na kuonyesha kwamba amri ya kumwacha dume mchanga hushika pale tu ambapo mwindaji ana uwezo wa kuchagua. Uwezo huo una masharti matatu: amwone mnyama vizuri kabla ya kumpiga, asiwe na njaa ya siku hiyo, na awe na matumaini ya kuwa yeye au jamaa yake ndiye atakayekutana na mnyama huyo akishakua.

2.0 Hoja za wanaotaka dume mchanga aachwe

Inafaa kuanza na hoja zenyewe katika nchi zilikopata nguvu. Katika Marekani ya Kaskazini, ambako kulungu huwindwa na watu wengi kila mwaka, ilionekana kwamba madume wengi waliuawa wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu. Kundi lilibaki na majike wengi na madume wachache waliokomaa. Ndiyo sababu jimbo la Pennsylvania liliweka mwaka 2002 masharti ya kuhesabu ncha za pembe: dume ambaye pembe zake hazijafikia idadi iliyowekwa asipigwe. Mwindaji wa huko hutazama kwa darubini, huhesabu, kisha huamua. Akimwacha, anarudi nyumbani ambako chakula kipo.

Tanzania inao mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa simba wa Serengeti na Ngorongoro walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba uwindaji wa simba hauangamizi kizazi iwapo madume wanaopigwa wamefikia umri wa miaka mitano au sita. Sababu yake ni kwamba dume mchanga akiuawa, madume wageni huingia katika kundi na kuwaua watoto aliowazaa. Aliyevuka umri huo huwa tayari amekuza kizazi chake. Tanzania ikaja kuweka umri wa chini wa miaka sita kwa simba wa kuwindwa na watalii. Mwindaji na mwelekezi wake hutakiwa kutazama manyoya ya shingoni na pua ya simba, kwa kuwa pua hugeuka nyeusi kadiri miaka inavyokwenda.

Hata hivyo, kanuni haiwi ile ile kwa kila mnyama. Tembo dume huachana na kundi la mama zake akiwa kijana, lakini huchelewa kuzaa. Utafiti wa Amboseli, Kenya, umeonyesha kwamba madume waliovuka miaka thelathini na mitano ndio wanaowazaa watoto wengi. Aidha, madume wakubwa huwatuliza vijana. Katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika ya Kusini, madume wachanga waliokuzwa bila wakubwa waliwaua vifaru weupe zaidi ya 40 katika miaka ya 1990, na mauaji hayo yakakoma baada ya madume sita waliokomaa kuletwa mwaka 1998. Kwa hiyo anayesema "mwache mchanga, piga mzee" anasema neno linalofaa kwa simba na pengine kwa kulungu, lakini kwa tembo neno hilo laweza kuleta hasara. Ndiyo maana wataalamu wa Amboseli walipinga vikali kuuawa kwa madume kadhaa wenye pembe kubwa upande wa Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, mnamo 2023 na 2024.

Kwa upande wa wanyama wadogo wa msituni hali ni tofauti tena. Paa mdogo mwenye manyoya ya kibuluu-kijivu, ambaye ni windo la kawaida la misitu ya Kongo, huishi dume mmoja na jike mmoja katika eneo lao. Hakuna dume mmoja anayemiliki majike wengi. Kumwacha dume na kumwua jike wake hakuleti faida inayotarajiwa kwa kulungu.

3.0 Pembe na kalasha: biashara ya ng'ambo ya ziwa

Historia ya Fizi na Baraka haiwezi kutengwa na Ziwa Tanganyika. Burton na Speke, walipoelekea Uvira mwaka 1858, walipita kwenye rasi ya Ubwari, ambayo leo imo katika wilaya ya Fizi, na Burton akaidhania kuwa kisiwa. Wakati huo wafanyabiashara wa Ujiji walikwisha kuvuka ziwa kutafuta pembe na watumwa. Livingstone naye alipovuka mwaka 1869 kuelekea Manyema aliwakuta wafanyabiashara wa pembe njiani, na mara kwa mara alilazimika kusafiri pamoja nao. Katika miongo iliyofuata Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya sehemu za kaskazini ya ziwa, hata aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo mwaka 1894.

Lugha ya biashara hiyo ilikuwa Kiswahili, na kipimo chake kilikuwa frasila, yaani ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anahesabu pembe kwa frasila. Idadi ya tembo waliokufa haimshughulishi, wala umri wao. Soko la Unguja lilizigawa pembe katika madaraja kwa ukubwa na kwa ulaini. Zilizo kubwa zilipelekwa Ulaya na Marekani. Nyingine zilikwenda Bara Hindi kuchongwa bangili. Ndogo zilifaa kwa mipira ya mchezo wa biliadi. Kalasha ilikuwa na bei ndogo kuliko pembe kubwa, lakini ilikuwa na bei.

Hapo ndipo sharti la tatu lilipovunjika. Mwindaji wa milima ya Fizi aliyemwacha dume mchanga mwaka 1880 hakumwachia mwanawe. Alimwachia mwenye bunduki aliyekuwa akija na msafara uliofuata. Methali ya Waswahili yasema: kenda shika, kumi nenda uje. Methali hii haimhukumu mwindaji kuwa mlafi. Inaeleza hesabu ya mtu asiye na hakika na kesho, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kadiri pembe kubwa zilivyopungua karibu na njia za misafara, ndivyo wafanyabiashara walivyosonga mbele kuelekea magharibi.

Desturi za kale za uwindaji wa tembo nazo hazikuulizia umri. Katika tawala nyingi za Unyamwezi, walikotoka wapagazi na wawindaji wengi wa misafara, pembe iliyogusa ardhi tembo alipoanguka ilikuwa ya mtawala wa nchi, na ya pili ilikuwa ya mwindaji. Sheria hiyo ilihusu mgawo wa mali na heshima ya mwenye ardhi. Ilikuwa na faida moja ambayo huenda haikukusudiwa: ilimfanya mgeni asiweze kuua bila mwenyeji kujua.

4.0 Kilo 5: sheria iliyotungwa London

Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na Dola Huru la Kongo walitia saini mjini London mkataba wa kuwahifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Msukumo mmoja ulitoka kwa Hermann von Wissmann, ambaye akiwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Mkataba ulikataza kuua tembo wachanga, na ili katazo lipate nguvu, uliagiza kwamba pembe yoyote yenye uzito wa chini ya kilo 5 itwaliwe na serikali. Mkataba huo haukupata kuidhinishwa na wote waliotia saini, kwa hiyo haukuanza kutumika kama mkataba. Lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni, na ukafuatwa na mkataba mwingine wa London wa mwaka 1933.

Kilo 5 ni chini ya thuluthi moja ya frasila. Kwa maneno mengine, wajumbe wa London waliichukua kalasha ya Waswahili na kuigeuza kosa. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza, pembe hupimwa mnyama akishakufa. Mizani haiwezi kumsaidia mwindaji aliyesimama kwenye majani marefu. Pili, uzito hautambulishi jinsia: pembe ya kilo 7 yaweza kuwa ya dume ambaye hajawahi kupanda jike, na yaweza kuwa ya jike mzima mwenye ndama, kwa sababu pembe za majike hubaki ndogo. Tatu, pembe iliyokatazwa haikuacha kuwa na thamani. Iliacha tu kupita mbele ya macho ya serikali, na mwambao wa Baraka unatazamana na nchi iliyokuwa chini ya dola nyingine.

Zaidi ya hayo, mmoja wa waliotia saini alikuwa yeye mwenyewe mfanyabiashara wa pembe. Dola Huru la Kongo lilikwisha kupiga marufuku uwindaji wa tembo bila kibali tangu mwaka 1889, huku maafisa wake wakikusanya pembe kwa ajili ya soko la Antwerp. Mwenyeji aliyeamriwa kumwacha tembo alimwona aliyetoa amri akiondoka na pembe. Si ajabu basi kwamba amri hiyo haikupokelewa kama hekima ya kutunza mbegu, bali kama njia ya kumnyang'anya mtu windo lake.

Baada ya hapo amri ya Ubelgiji ya tarehe 21 Aprili 1937 iliongoza uwindaji na uvuvi mpaka Zaire ilipotunga sheria yake nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Sheria hizi ziliendeleza mfumo wa vibali, vilivyokuwa vigumu kupatikana kwa mwanakijiji mwenye gobori, ile ambayo katika sehemu nyingi za Kongo huitwa pupu.

5.0 Wavu, mbwa na mtego

Uwindaji uliowalisha watu wa Fizi kila siku haukuwa wa tembo. Wabembe, ambao wana udugu wa lugha na utamaduni na Walega, waliwinda kwa nyavu na kwa mbwa waliovishwa njuga za mti. Walitega mashimo na mitego ya kamba. Na miongoni mwao waliishi Wambote, wawindaji mashuhuri wa nchi hiyo. Windo lilikuwa paa, pongo, nguruwe wa mwitu, nyani na panya wakubwa.

Katika uwindaji wa namna hii sharti la kwanza halipo. Wavu haumtazami mnyama pua wala pembe. Mnyama anayekurupushwa na mbwa hufika wavuni kwa ghafula na kuuawa hapo hapo, na mtego wa kamba humkamata yeyote apitaye usiku, awe dume, jike au mtoto. Ni kweli kwamba kwa pongo dume peke yake ndiye mwenye pembe, na mwindaji wa mchana mwenye mkuki angeweza kumtambua mchanga kwa ufupi wa pembe zake; lakini huyo ni mmoja kati ya njia nyingi.

Je, hii ina maana kwamba hapakuwa na mipaka? Hasha. Mipaka ilikuwepo, ila iliwekwa mahali pengine. Iliwekwa juu ya ardhi: kila ukoo ulikuwa na msitu wake, na mgeni hakutega bila ruhusa. Iliwekwa juu ya aina ya mnyama: kwa Walega, kakakuona hakutakiwa kuuawa, na akipatikana amekufa wazee wa bwami ndio waliosimamia kumgawa kwa taratibu kali. Iliwekwa juu ya mgawo: nyama ya windo ilikuwa na sehemu ya mwenye wavu, ya mwenye mbwa, ya mzee, na mtu aliyekula peke yake aliingia katika lawama. Hakuna hata moja kati ya mipaka hii iliyouliza umri, lakini zote zilipunguza idadi ya wanaoua na mahali pa kuulia. Serikali ya kikoloni ilipolipiga marufuku bwami mwaka 1948, ilidhani inaondoa chama cha siri. Pamoja nacho ilidhoofisha mamlaka yaliyokuwa yakisikilizwa msituni.

6.0 Vita na tumbo

Sharti la pili, la njaa, lilivunjwa na vita. Fizi ilikuwa ngome ya waasi tangu 1964. Chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoanzishwa 1967 katika milima hiyo, kilijipatia fedha kwa kuuza dhahabu na pembe za ndovu kupitia Kigoma. Vita vya 1996 na vya 1998 viliongeza silaha za rashasha, na makundi yenye silaha yaliyobaki milimani yalikula kilichopatikana.

Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa, na wengi wao wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996. Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 na shirika la TRAFFIC kuhusu kambi za kaskazini-magharibi ya Tanzania ilipewa jina kutokana na msemo wa wakimbizi wenyewe: nyama ya porini iliyopikwa gizani kwa kuogopa askari iliitwa mchicha wa usiku. Msemo huu una maana kubwa kwa mwanaisimu na kwa mwanahistoria vilevile. Mahali ambapo nyama yenyewe haiwezi kutajwa kwa jina lake, hakuna atakayeuliza kama ilikuwa ya dume au ya jike, ya mzee au ya mchanga. Mgao wa kambini haukuwa na nyama. Mtu alitafuta kitoweo kwa ajili ya watoto wake. Wakimbizi walipoanza kurejeshwa kwa meli mpaka Baraka mwaka 2005, walirudi kwenye misitu iliyokwisha kuwindwa na watu wengine kwa miaka kumi.

7.0 Ziwani na Itombwe: majibu mawili ya siku hizi

Mjini Baraka suala hili linasikika zaidi ufukoni kuliko msituni. Wavuvi wa ndakala huvua usiku kwa taa, na wavu wenye macho madogo hukusanya samaki wakubwa na vifaranga vya mikeke kwa pamoja. Kumwambia mvuvi amwache samaki mchanga ni sawa na kumwambia mwenye wavu wa msituni amchague paa. Kwa sababu hiyo nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilichukua njia nyingine: zilikubaliana kulifunga ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Pale ambapo chombo hakichagui, sheria imechagua wakati. Lakini njia hii nayo hurudi kwenye tumbo: miezi mitatu bila ndakala ni miezi mitatu ya kula kitu kingine, na si kila nyumba ina hicho kingine.

Milimani, hifadhi ya Itombwe, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,700 na inayogusa Fizi, ilitangazwa mwaka 2006 bila wakazi kushauriwa. Malalamiko yao yalifuatwa na miaka mingi ya mazungumzo kijiji kwa kijiji, hata mipaka mipya ikakubaliwa na kutangazwa na mkoa mwaka 2016, pamoja na sehemu ambazo wenyeji wanaruhusiwa kutumia. Katika mazungumzo ya namna hiyo jambo la kwanza kuulizwa na wazee si uzito wa pembe wala umri wa mnyama. Ni hili: msitu huu ni wa nani, na nani atamzuia mgeni?

8.0 Hitimisho

Makala haya hayasemi kwamba dume mchanga auawe. Hoja ya kumwacha ni ya kweli kwa wanyama fulani, na mwindaji anayeweza kumtambua na kumwacha anafanya vema. Lililodhihirika ni kwamba tangu misafara ya Ujiji mpaka mkataba wa 1900, na tangu mkataba huo mpaka vita vya juzi, mtu wa Fizi alinyimwa masharti ya kuchagua, kisha akalaumiwa kwa kutochagua. Sheria ya kilo 5 ilianza na mizani na kuishia na mizani. Desturi ya msitu wa ukoo ilianza na swali la mwenyeji, na ingawa haikutaja umri, ilimpa mwindaji sababu ya kungoja.

Mfugaji humwacha njeku akue kwa kuwa ana hakika kesho atamkuta zizini. Kiswahili kitakapopata neno moja la kumwita tembo dume asiyekomaa, akiwa bado hai na amesimama kwa miguu yake, yamkini itakuwa ni kwa sababu watu wa milimani nao wamepata hakika hiyo.